Picha Isiyotaka Meno

…na sasa anataka masikio, masikio yote mawili yaonekane, amenishika kidevu kwa vidole viwili kama mtu anayechagua papai bivu, akakigeuza kushoto kidogo, kulia kidogo, huyu mama mpiga picha mwenye aproni ya bluu, akarudi nyuma ya kamera yake, akachungulia, akatikisa kichwa, bie xiao, bie xiao, anasema, yaani usicheke, na hii ni mara ya nne, nami sicheki, wallahi sicheki, huu ndio uso wangu ukipumzika, watu wengine wakipumzika uso unashuka, wangu unapanda, miaka thelathini ya kuchekesha watu imeufundisha njia moja tu na njia yenyewe ni ya kupanda, meno yanatoka yenyewe kama wapangaji waliosikia kuna pilau uani, nayo kompyuta ya uhamiaji haitaki meno, picha ya kwanza aliituma ikarudi na alama nyekundu, ya pili ikarudi na alama nyekundu, ya tatu hakuituma kabisa, aliitazama akacheka yeye mwenyewe, halafu akakasirika kwa kuchekeshwa kazini, na hapo ndipo nilipopata raha, maana Abubakary bin Sefu, maarufu Bwana Kishindo, hawezi kumwona mtu amenuna asijaribu kumchekesha, ndivyo nilivyo, nitafanyaje… ndivyo nilivyo… neno hilo Gaudiosa akilisikia ataniuma moja ya haya masikio mawili yanayotakiwa na serikali… yupo pale kwenye benchi karibu na mlango, anangoja zamu yake, kitabu mapajani kimevikwa gazeti la Kichina kisichafuke, binti wa Bukoba huyo, mwaka wake wa tatu hapa Guangzhou, anasomea udaktari, lakini si ule wa sindano, na ukimuuliza anasoma nini ndipo unapojua kuwa Mungu ni fundi wa vichekesho kuliko sisi sote, Mhaya amepanda ndege kuja China kusoma Wafaransa, tena kwa Kichina, Wafaransa wenyewe walishakufa zamani, walikaa mikahawani enzi za vita kuu na baada yake, wakavuta sigara, wakabishana mtu ni nini, na hadi leo kuna ufadhili wa kuwasikiliza, nilimwambia hivyo siku ile ya kwanza, iftari msikitini, watu wa dini zote walikuja maana sambusa hazina madhehebu, nikasema binti, hao jamaa zako wamebishana miaka yote hiyo mtu ni nini, wangekuja Kariakoo wangejibiwa kabla kahawa haijapoa, meza nzima ikalala kwa kicheko, na yeye alicheka, ila alicheka akaacha, akanitazama, akauliza, "Na wewe Mjomba, ni nini?" Nikasema mimi mchekeshaji. Akasema, "Hiyo kazi. Nimeuliza wewe." Nikasema mimi na kazi yangu tulishafunga ndoa isiyo na talaka, meza ikalala tena, yeye akaendelea kunitazama, na nikakumbuka ghafla nilikuwa na shughuli ya haraka upande ule wa vyombo…

"Mjomba," ananiita sasa kutoka benchini, "fikiria msiba."

Haya, nafikiria msiba, unanijia msiba wa jirani yetu kule nyumbani, watu wanalia, na mzee mmoja ameingia amebeba sufuria yake mwenyewe, kubwa, yenye mfuniko, ili asipakuliwe kwenye sahani ndogo… "Nimefikiria," namwambia, "imekuwa mbaya zaidi." Mama mpiga picha anamuuliza Gaudiosa kitu kwa Kichina, nadaka nusu, kwamba huyu mzee ana ugonjwa wa misuli au, Gaudiosa anajibu maneno marefu, nadhani anamwambia huyu ni msanii, na mama anasema aaa, kwa upole, sauti ile ya mtu aliyeambiwa ugonjwa hauna dawa… nje wanafungasha, krrrrr, krrrrr, selotepu inazungushwa kwenye mabalo ya viatu, mtaa mzima wa Liuhua unalia sauti hiyo kuanzia asubuhi, nimeishi ndani ya sauti hiyo miaka kumi na saba, nikilala naisikia, mimi huku ndio mtu wao, mteja akitoka Dar au Unguja anaambiwa mtafute Bwana Kishindo, anajua machimbo yote ya bidhaa za bei nafuu, naye kweli anayajua, naingia dukani, muuzaji anataja bei, mimi nashika kifua, nahesabu mbili, moja, mbili, ndipo naanguka juu ya maboksi, ukianguka bila kuhesabu hawacheki, wanaita gari la wagonjwa, hiyo nilifundishwa chuoni Bagamoyo na mwalimu mwenye mguu mmoja mfupi aliyejua kuanguka kuliko wote, muuzaji anapiga kelele laoban, yaani bosi, laoban amka, mimi nafungua jicho moja nauliza bei imeshuka, anacheka, imeshuka, namshukuru Mungu kwa hilo, nalishukuru na jiji hili, limenilisha kwa kuanguka… na Ijumaa ya wiki ijayo mteja wangu Rahim ana kontena la kupakiwa kule bandarini Nansha, vigae na milango, nilimwambia kaka yangu Khatib kwenye simu, ndugu yangu nina kontena Ijumaa ile, siwezi, na Rahim mwenyewe, ambaye ni wa Tanga na habari za Tanga zinamfika kabla hazijatokea, akanijia jana na uso wa hakimu, akasema, "Mjomba, nasikia unamuoza binti na wewe unasema una kontena langu. Kontena haliolewi. Nenda." Nikamjibu si kontena tu, kuna pasipoti pia, nikaona maneno yanatoka yenyewe, laini, yamenyooka, pasipoti iko uhamiaji, ndugu yangu, wameishika… na ilikuwa mfukoni. Ilikuwa hapa mfukoni mwa suruali, na sasa hivi iko hapa hapa, naikalia.

Simu nayo iko mfuko wa shati, nimeizima mlio, lakini sauti ya mwanangu Zulekha imo, sekunde arobaini na moja, nimeisikiliza pale mlangoni kabla ya kuitwa kukaa kwenye kiti hiki kisicho na mgongo, hapa saa tano imepita, kwao saa kumi na mbili asubuhi, ametoka kuswali, nyuma yake mtu anafagia uwanja, fyaa, fyaa, naye anasema taratibu kama anayesoma barua aliyoiandika mara nyingi, Baba, shikamoo, leo baada ya adhuhuri shehe anakuja kukaa na wazee, ataniuliza walii wangu wa kuniozesha ni nani, ukija ni wewe, usipokuja mpe Ami Khatib uwakala, atasimama yeye, na sitakuchukia Baba, nimejichunguza, chuki nimeitafuta sikuiona, ila nakuomba kitu kimoja, usiniambie kazi, usiniambie pasipoti, usiniambie Wachina, sema nakuja, au sema siji… halafu fyaa, fyaa, halafu, haya Baba, siku njema… usiniambie pasipoti, amejuaje, mtoto wa miaka ishirini na tatu yuko Tanga amejuaje kilichomo kichwani mwa mtu aliyeko Guangzhou, hapana, hajajua, ananijua tu, kuna tofauti, na ya pili ndiyo inayotisha…

maana mpango ulikuwa mzuri, acha niusifu kabla sijauzika, ulikuwa mpango wa fundi, kibali changu cha ukaazi kina miezi miwili kamili mbele yake, hakuna anayenifukuza, lakini ukipeleka maombi mapya wanachukua pasipoti, wanakupa karatasi yenye picha yako na muhuri, inakaa kwao wiki tatu, nami nikahesabu, nikipeleka leo alasiri, Ijumaa ile ya ndoa itanikuta sina pasipoti, naipiga picha karatasi, namtumia, tazama mwanangu, tazama muhuri, baba yako ameshikwa, angekuwa na mbawa angeruka, na ningehuzunika kweli, hilo ndilo la ajabu, ningelia kweli, mimi nikiigiza kilio machozi yanakuja na chumvi yake… nimeijenga sababu kama tunavyojenga kichekesho, unaweka ngazi mapema, unaweka ndoo ya rangi juu ya ngazi, halafu unapita chini yake ukitazama kwingine, ndoo inaanguka, unashangaa, ee, ndoo hii imetoka wapi, na hadhira inacheka kwa sababu ilikuona ukiiweka… Zulekha alikuwa ukumbini muda wote. Amekaa safu ya mbele miaka kumi na saba, ameniona nikipandisha kila ndoo.

"Xiansheng," mama ananiita, bwana, ananionyesha kwa vidole vyake viwili kwenye pembe za midomo yake mwenyewe, anazivuta chini, fanya hivi, nafanya hivi, Gaudiosa anakohoa, najua kikohozi hicho si cha mafua, "Mjomba, sasa umekuwa kama mbuzi aliyesomewa hukumu," anasema, na kosa ni lake safari hii, meno yote nje, mama anatupa mikono, anazungumza peke yake, taa moja inamulika kisha inafifia, anaipiga kofi, inafifia zaidi, anasema deng, deng, ngoja, ngoja, anaichomoa, anaingia nayo nyuma ya pazia kutafuta balbu… nangoja. Gaudiosa amefungua kitabu chake. Asubuhi tulipokutana kituo cha metro aliniuliza unakwenda wapi umevaa koti la ndoa, nikasema kupiga picha ya kibali, akasema na mimi ya kwangu inaisha wiki hii, twende, tukatembea, halafu akauliza, bila hila yoyote, "Lakini kibali chako si kina miezi miwili, Mjomba? Haraka ya nini?" Nikamwambia mimi ni Mtanzania wa aina mpya, nawahi, tumehifadhiwa wachache tusitoweke, hakucheka, wala hakukasirika, alinitazama tu kiasi cha mtu kuvuka barabara, na nikahisi joto la masikio, hapo kwenye taa za barabarani, magari yamesimama, na mimi nimesimama kama niliyefumaniwa nikicheza peke yangu jikoni na taulo kichwani…

huo mfano ni wake, wa jikoni, alinipa siku niliyombebea vitabu kuhama bweni, ghorofa ya saba, lifti imekufa, nikasema nilipe kwa hekima, nieleze hao Wafaransa kwa lugha ya mtu anayehema, akasema Mjomba, chukua kiatu, kiatu kabla hakijawa kiatu kuna mtu ameshakichora, ameshaamua hiki cha shule, hiki cha harusi, kiatu hakina la kusema, lakini mtu anakuja kwanza, anakuwepo, halafu kila siku anajichora mwenyewe kwa anachofanya, hata akikataa kuchora, kule kukataa nako ni mchoro, nikasema na mimi niliyezaliwa mcheshi, akasema hukuzaliwa mcheshi, ulizaliwa unalia kama wote, ucheshi unauchagua kila asubuhi unapovaa suruali, nikasema basi kuna asubuhi nachelewa… na kwenye ghorofa ya tano akanieleza hilo la jikoni, unacheza peke yako, una raha, hujioni, mara mlango unafunguka, mtu anakutazama, na papo hapo unakuwa kitu, mtu mzima mwenye taulo kichwani, umegandishwa ndani ya macho yake na huwezi kujitoa, ndiyo maana, anasema, watu wanahangaika wao kwa wao, kila mmoja anataka kumgandisha mwenzake kabla hajagandishwa yeye, nikacheka sana, nikasema dada, hilo sisi wa jukwaani tunalifanya kwa kiingilio, enzi zangu watu mia tatu walinigandisha kila Jumamosi na nikawapigia saluti, mimi siogopi macho, mimi macho ndiyo chakula changu… na nilikuwa nadanganya, nikiwa nimebeba sanduku lake kichwani, nilidanganya bila kujua, kwa sababu mchekeshaji hatazamwi, mchekeshaji anarusha kitu ili watu wakitazame, tazameni tumbo, tazameni ninavyoanguka, tazameni meno, na wao wanatazama kule kilikorushwa, na yeye amesimama gizani pembeni, salama, hakuna aliyemwona tangu mwaka alioanza…

aliniona mmoja. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilikwenda likizo, siku kumi, nyumbani kwa Khatib, Hasna mama yake alikuwa ameshaolewa kwingine na akili yake imetulia, alhamdulillahi, wala hakuniwekea neno, mtoto analelewa na kaka yangu na mkewe, mimi nikaingia na masanduku matatu na vichekesho mia, siku ya kwanza nikawaigizia muuzaji wa viatu wa Kichina, nikaanguka kutoka kwenye kiti, uani kote wanalia kwa kicheko, Zulekha akacheka hadi akashika mbavu, siku ya pili nikaigiza rubani mwenye kwikwi, siku ya tatu mtoto akaja na kigoda chake, akakiweka mbele yangu, karibu, magoti yetu yanagusana, akasema, "Baba, sasa nyamaza kidogo, nikuone." Na mimi nikafanya nini… nikafanya bubu. Nikaigiza bubu anayenunua embe. Nzuri sana, walisema wote ilikuwa nzuri sana. Zulekha alitazama mpaka mwisho kwa adabu, akainuka na kigoda chake, akaenda kumshikia Khatib baiskeli aliyokuwa anaiziba pancha, na mimi nikajisemea, unaona, ameshamzoea ami yake, mtoto si wangu tena, wamenipokonya, na nikaondoka siku mbili kabla ya tarehe, nikasema shirika la ndege limebadilisha safari, ndoo nyingine, ngazi nyingine… miaka kumi na miwili nimekaa na neno hilo, wamenipokonya, nimelitia sukari, nimelinywa kila Idi, Khatib akipiga simu namjibu kwa mizaha ili asipate nafasi ya kuniuliza, na ndani nasema mwizi wa mtoto wewe… mwizi gani anakupigia simu kila mwezi kukuambia mali yako imefaulu darasa la saba, imefaulu kidato cha nne, imeng'oa jino, mwizi gani…

Baba, shikamoo. Sikiliza anavyolisema. Mimi mtu wa sauti, nimefundishwa kusikiliza neno linavyotoka, na lile neno Baba limetoka bila kutu, halikukwama mahali, mtu ambaye hajalitumia neno miaka kumi na saba likimtoka linakwaruza, linakuja na hewa, lake limetoka laini, lina maana kuna mtu amekuwa akilipaka mafuta muda wote huo, kila wiki, pale mezani, baba yako akiwa mdogo alifanya hivi, baba yako angekuwepo angesema hivi, muombee na baba yako dua, mtu huyo ni nani kama si Khatib, Khatib asiyejua kichekesho hata kimoja, akisimulia kichekesho anaanza na mwisho, amekaa kwenye nafasi yangu miaka kumi na saba na kila jioni akaifuta vumbi akasema hapa si pangu, pana mwenyewe… ndugu yangu. Na mkewe, na Hasna pia aliyeweza kuniapiza na hakuniapiza. Sikuwahi kuwashukuru, niliwatumia redio, niliwatumia feni… uso unafanya kitu. Nahisi mashavu yanashuka, mizigo miwili inateremshwa polepole kutoka mabegani mwa uso, midomo imekutana, imefunga, sijaiamrisha, hakuna anayetazama, mama yuko nyuma ya pazia anagonga gonga vitu, Gaudiosa anafunua ukurasa, nje krrrrr, na mimi nimekaa kwenye kiti kisicho na mgongo na uso ambao sijui ukoje, sijawahi kukutana nao, una miaka hamsini na mitatu na leo ndiyo umetoka…

na Zulekha amenipa nini katika sekunde zile, mbona nilizisikia kama kesi wakati ni zawadi, nilizisikia pale mlangoni nikasema ananifunga, kumbe tazama alivyofanya, hakusema njoo, angesema njoo ningekuja kama mtu aliyeitwa mahakamani, na ningepata pa kulalamikia, hakusema usije, ningepata pa kulilia, alifungua mlango wa kuja, akafungua na mlango wa kutokuja, akaondoka pale mlangoni, hakusimama kuniangalia napita upi, ila ameniambia nikipita nisiseme nimesukumwa… hakuna mtu aliyewahi kuniheshimu hivyo, wote wamenipenda, ndiyo, wananipenda, Mjomba njoo utuchangamshe, lakini heshima ya kuambiwa wewe unaweza, wewe si kiatu, hiyo nimepewa na mtoto niliyemwachia wenzangu wamlee, na Gaudiosa alisema wale Wafaransa hawakubaki kwenye vita vya macho tu, walikuwemo waliosema uhuru wangu peke yangu ni kama mchezo wa kuigiza uliochezwa ukumbi mtupu, nahitaji wenzangu nao wawe huru ndipo wangu uwe na uzito, nikamwambia hilo silielewi, lifti imekufa, hewa imeniishia, sasa nalielewa, yeye ameshakuwa huru, hanihitaji, atafunga ndoa yake nikija nisipokuja, na kwa sababu hanihitaji ndiyo maana kuja kwangu kutakuwa kuja… yaani nikienda nitakuwa nimekwenda. Basi nakwenda. Tazama, limepita hivyo tu, kama mtu anayesema naomba chumvi, nilidhani litakuja na tarumbeta.

Subiri, subiri, zinakuja, nazisikia zinapanda ngazi, sababu zote na ndoo zao, tiketi wiki hii itakuwa ghali, kontena, koti hili lina doa, watu wa Tanga watanisema, watasema kaja kuvuna asichopanda, na watasema kweli, nitakaa jamvini na macho yote ya mtaa juu yangu, mzee mzima aliyekimbia, na safari hii sitakuwa na cha kuwarushia wakitazame, nitakaa tu nionekane, na Zulekha ataniona, anaweza kuniona akasema moyoni, ndiye huyu tu, na ni haki yake, macho ni yake, siwezi kuyashika kwa mkono nikayaelekeza, hilo ndilo linalonitisha hivi sasa na ndilo ninalolishukuru pia, maana hofu hii ni yangu, nimeichagua, haikuangushwa na mtu kutoka juu ya ngazi… uwanja wa ndege wa Baiyun nimesindikiza watu maelfu, najua mlango upi una foleni fupi, najua wapi pa kukalia sanduku lililozidi kilo ili lifunge, na mimi mwenyewe kila mara naishia pale kwenye kamba, napunga mkono, naigiza mke anayeachwa, wanacheka mpaka wanapotea… na pasipoti ninayo, naikalia, na alasiri siipeleki popote. Kibali kitasubiri, kina miezi miwili, Gaudiosa ana hesabu nzuri kuliko mimi, nitamwambia asante binti, atauliza ya nini, nitamwambia ya pale kwenye taa za barabarani, hataelewa, au ataelewa, hao wanaoelewa huwa hawasemi…

anarudi, mama, nasikia ndala zake, ana balbu mkononi, anaipachika, haijawaka bado, anaizungusha, ananitupia jicho mara moja na mkono wake unasimama hewani kidogo, kisha anaendelea kuzungusha, asante na wewe mama, kwa picha nne ulizozikataa, na ile kompyuta asante, sikujua ningekuja kuishukuru kompyuta ya uhamiaji… na kule nitasema nini, nikikaa mbele ya shehe, mkono wangu umeshika mkono wa kijana wa watu, mimi niliyekariri michezo mizima ya saa tatu, hili ni la sentensi moja na sijawahi kulisema, linakwendaje, shehe anakutamkia na wewe unafuata, nakuozesha binti yangu Zulekha kwa mahari mliyokubaliana, hapana, unaanza na kumwita yeye kwanza, bwana harusi, kwa jina lake na la baba yake, unamtazama machoni, ewe fulani bin fulani, nakuozesha binti yangu… ewe… ewe nani. Ewe nani bin nani. Khatib alinitajia, alinipigia wiki sita zilizopita akaanza kunieleza, kijana anaitwa, na mimi nikamkatiza, nikasema hata akiitwa Jumatano mradi ana pumzi, tukacheka, yaani nilicheka, na alipotaka kurudia nikamwambia mtandao unakata… sijui jina la mume wa mwanangu. Sijui anafanya kazi gani, sijui mrefu au mfupi, sijui kama Zulekha akimtazama uso wake unafanyaje. Basi ndiyo nitakayoanza nayo, nikishuka kwenye kiti hiki nakwenda nje, pembeni penye nafuu ya kelele, nabonyeza, na kabla ya nakuja, kabla ya chochote, Zulekha, mwanangu, marahaba, niambie, anaitwa nani…